Kutoka kiwanja hadi lenta: namna ya kuunganisha malengo ya mbali na kazi ya wiki hii

Nilipokuwa nahama nyumba ya kupanga nilikuta daftari la zamani chini ya kitanda, lile la kaunta buku lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya Januari 1, kwa kalamu nyekundu, na chini yake mistari mitano: kujenga nyumba, kusoma shahada ya pili, kupunguza uzito, kuweka akiba, kuamka mapema. Ukurasa wa pili una hesabu ya deni la dukani. Kurasa zilizobaki ni tupu.

Kwa muda mrefu niliamini daftari lile lilikufa kwa sababu ya uvivu wangu. Siku hizi nikiusoma ukurasa ule naona tatizo lilikuwepo tangu wino haujakauka. Mistari mitano ile ni vitu vya aina tano tofauti, nami niliviandika kama orodha ya vitu vya sokoni. Kujenga nyumba ni mradi wa miaka, una mwanzo na mwisho. Kuamka mapema hakuna mwisho, ni mazoea. Huwezi kusema "nimemaliza kuamka mapema". Kuweka akiba ni njia tu, na sikuandika akiba ya nini. Uzito ni matokeo, na mwili una maamuzi yake. Shahada ya pili inategemea barua ya chuo na mtu wa kulipa ada, yaani watu wengine wawili ambao hawakujua kama wamo kwenye daftari langu.

Wengi wanaouliza habari ya kujiwekea malengo huuliza waandike nini. Ugumu haupo hapo. Kila mtu anajua anachotaka miaka 10 ijayo, na kila mtu anajua cha kufanya leo mchana. Kinachokosekana ni vidato vya katikati vya ngazi, vile vinavyomfanya mtu akiamka Jumatatu aone nyumba yake ndani ya shughuli za Jumatatu.

Nchi nayo hupanda ngazi hiyohiyo

Ukitaka kuliona jambo hili kwa ukubwa, tazama serikali inavyopanga. Tanzania iliandaa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 mwishoni mwa miaka ya 1990. Pamoja na mengine ilitaka nchi ifikie kipato cha kati, wastani wa dola 3,000 kwa mtu kwa mwaka, ifikapo 2025. Hilo ni lengo la mbali lenye namba na tarehe, na ni zuri. Lakini waziri wa fedha hawezi kusimama bungeni Dodoma mwezi Juni akasema mwaka huu tunatekeleza dola 3,000. Anahitaji barabara ipi, shule ngapi, kutoka fungu gani.

Ikaja MKUKUTA, mkakati wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini, mwaka 2005, ikaja ya pili 2010. Kisha kuanzia mwaka wa fedha 2011/12 ukawekwa mpango elekezi wa miaka 15, ukakatwa vipande vitatu vya miaka mitano mitano: 2011/12 hadi 2015/16, 2016/17 hadi 2020/21, na 2021/22 hadi 2025/26. Kila kipande kikakatwa tena kuwa mpango wa mwaka na bajeti yake, inayoanza Julai 1. Kenya nao walifanya jambo la jinsi hiyo na Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008: ndoto ya mbali, halafu mipango ya miaka mitano mitano chini yake.

Angalia tarehe za Tanzania. Dira ilikuwa imeshakula zaidi ya miaka 10 kabla ya kipande cha kwanza cha miaka mitano kuanza. Nikiona hivyo najisamehe kidogo kwa lile daftari.

Matokeo yake nayo yana somo. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Dola 3,000 hazikufikiwa, na bado ziko mbali. Kwa hiyo tulifaulu au tulifeli? Unaweza kubishana mchana kutwa kijiweni, lakini mnabishana juu ya kitu kimoja, kwa sababu namba iliandikwa. Ingekuwa imeandikwa "maisha bora" peke yake, kila mtu angeshinda ubishi kwa namna yake. Ndiyo maana nasema lengo la mbali liwe na kipimo hata kama kipimo chenyewe utakikosa. Ukikikosa utajua umekikosa kwa kiasi gani.

Matofali mia kwa mwezi

Kiwanja changu kiko upande wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Kwa miaka minne kilikuwa na mihogo ya jirani. Kila Januari mimi niliandika "kujenga", na kila ilipokomaa yeye alivuna.

Siku moja nilimchukua fundi tukaenda kukipima kwa kamba. Nyumba ya vyumba vitatu, sebule na jiko. Akapiga hesabu kwenye simu, akaniambia: kutoka msingi hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, andaa matofali 2,400. Namba ile ilinishtua, halafu ikanipa nafuu. Ilinishtua kwa ukubwa wake. Nafuu ilikuja kwa sababu 2,400 inagawanyika. Matofali 100 kila mwezi ni miezi 24. Matofali 100 nilikuwa nayamudu. "Nyumba" nilikuwa siimudu.

Hapo ndipo vidato vilipoonekana. Kidato cha juu kabisa: kuhamia kwangu kabla mtoto wa kwanza hajaingia sekondari. Tarehe hiyo sikuibuni mimi, aliileta mtoto kwa kukua, na tarehe inayoletwa na maisha haina ubishi kama ile unayojipangia kwa sababu Januari imefika. Chini yake: boma, yaani kuta bila paa, lifike lenta ndani ya miaka mitatu. Chini yake tena, kwa kila robo mwaka: matofali 300 yawe yamepangwa kiwanjani, yamehesabiwa. Na kidato cha mwisho, kile cha kukanyaga leo: siku mshahara unapoingia, pesa ya matofali 100 iende kwa mfyatuaji kabla sijaingia dukani.

Kila kidato kinajibu swali la kile kilicho juu yake. Ukiniuliza kwa nini natuma pesa leo, jibu ni matofali 300. Kwa nini 300? Lenta. Kwa nini lenta? Mtoto. Kazi ya wiki isiyoweza kupanda hivyo hadi juu, aidha ni kazi ya kawaida ya kuishi (nazo zina haki yake) au ni shughuli ya kujifurahisha kwamba uko bize.

Methali yetu inasema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, ila haisemi kibaba kina ukubwa gani wala kinavujia wapi. Kibubu nimewahi kuwa nacho, kikajaa, nikakivunja, nikanunua redio.

Uongo wa kwanza ni wa muda

Miezi 24 ilikuwa ndoto ya mchana. Ilinichukua miezi 35.

Kosa hili lina jina katika elimu ya nafsi na limechunguzwa sana. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika juu yake mwaka 1979: mtu akikadiria muda wa kazi yake huiwaza kazi yenyewe ikienda sawasawa, hawazi zilizopita zilivyokwenda. Mwaka 1994 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku kama 34. Walitumia takribani 55. Hawa walikuwa wanaijua kazi yao, wameshaianza, na bado.

Dawa nayo si kujikaza. Dawa ni kuacha kuiangalia kazi yako na kuangalia za wenzako. Kama ningewauliza majirani watatu pale Chanika, "wewe ilikuchukua muda gani kufika lenta?", hakuna ambaye angenitajia miaka miwili. Fundi usimuulize, fundi atakwambia kesho yuko saiti. Muulize mwenye nyumba. Anayetaka kusoma huku anafanya kazi, amuulize aliyehitimu na aliyeachia njiani. Anayetaka kufungua duka la dawa, amuulize mwenye duka vibali vilichukua miezi mingapi. Chukua wastani wao, anza nao. Usijipunguzie kwa kujiona una bidii kuliko wao.

Msiba haupo kwenye mipango ya vitabuni

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mifumo mingi ya kuigwa inapovunjikia mikononi mwetu.

Mwezi wa tano wa safari yangu ya matofali alifariki baba mdogo. Nauli, rambirambi, siku nne za kukaa msibani, na kazi ya mkono niliyokuwa naifanya jioni ikasimama wiki nzima. Mwezi wa saba kulikuwa na harusi mbili, kila moja na kundi lake la WhatsApp, na katibu wa kamati anayebandika orodha ya waliolipa kila asubuhi ili wasiolipa wajione. Mwezi wa tisa shangazi akalazwa. Katika kila tukio nilifanya lililonipasa, na katika kila tukio daftari lilinihukumu. Nikawa nalikwepa. Mtu akishaanza kulikwepa daftari lake, mpango umekwisha.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba haya hayakuwa dharura. Ni dharura kwa tarehe yake, lakini kwa jumla yake ni jambo la uhakika: ndani ya mwaka nitazika, nitachangia, nitauguza. Jambo la uhakika hupangiwa fungu. Sasa ninapanga wiki tatu kwa kila mwezi, ya nne haina kazi ya mradi. Ikiliwa na msiba, imekwenda mahali pake. Isipoliwa, nasogeza mbele kilichobaki nyuma. Kwa pesa ni hivyohivyo: kuna fungu la watu, liko kwenye hesabu kabla ya fungu la matofali, na halina aibu. Mwenye mpango usio na fungu la watu atafanya moja kati ya mawili, auvunje mpango au awavunje ndugu.

Vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, navyo vina kazi hapa, na si kwa ajili ya mkopo tu. Siku ya kununua hisa ikifika, unanunua mbele ya watu. Mwenyekiti anaita jina lako. Ahadi ya kwenye daftari unaweza kuizungusha. Ya kwenye kikao kila wiki ni ngumu kidogo.

Miezi haina uzito sawa

Kitu kingine kinachoharibu mipango ni kugawa mwaka vipande 12 vilivyo sawa. Wazee wa pwani hawakuishi hivyo. Majahazi ya Arabuni yalishuka na kaskazi, ule upepo unaoanza mwishoni mwa mwaka, na yalirudi na kusi. Nahodha aliyechelewa kumaliza biashara yake Unguja hakujiongezea wiki mbili. Upepo ukishageuka ndiyo basi, asubiri msimu. Mkulima naye ana vuli na masika, na shamba halijali umejiandaa au la.

Mtu wa mshahara ana misimu yake pia, ila haioni kwa sababu kalenda ya ukutani ina visanduku vya ukubwa mmoja. Januari ni ada, sare na madaftari. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi na za kulala zinabadilika. Masika barabara ya kwenda saiti haipitiki kwa lori, kwa hiyo kupanga kusomba mchanga Aprili ni kujitafutia ugomvi na dereva. Desemba watu wanasafiri kwenda kwao. Nilipochora mwaka wangu hivyo nilikuta nina vipindi viwili vizuri vya kusukuma mambo: Juni hadi Septemba, na Februari kabla mvua hazijaanza. Mradi wote mzito nikauhamishia humo. Miezi mingine kazi yangu ni kushikilia tu nisirudi nyuma.

Wewe misimu yako itakuwa mingine. Mwalimu ana likizo, muuza vitenge ana sikukuu, mvuvi ana bamvua na mwezi. Ichore kwanza, ndipo uweke malengo juu yake.

Unachotaka na unachofanya

Rudi kwenye ule mstari wa shahada ya pili. Kupata nafasi chuoni siwezi kukufanya Jumatatu. Jumatatu naweza kumwandikia mwalimu wangu wa zamani kumwomba barua, au kukusanya vyeti nivihakiki. Lengo la mbali kwa kawaida ni matokeo, na matokeo yana mikono mingi ndani yake. Kazi ya wiki lazima iwe kitendo ambacho kikishindikana hakuna wa kumlaumu ila wewe, au mvua.

Eliud Kipchoge wanamtaja watu wengi, mara nyingi kwa maneno yake matamu. Kwangu chenye uzito ni mwaka 2012. Alishawahi kuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000, Paris 2003, ana medali mbili za Olimpiki, shaba na fedha, na bado alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya London. Dhahabu ya Olimpiki ilikuwa bado haijapatikana. Akahama uwanja, akaingia barabarani, na Aprili 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg, kwa saa 2:05:30. Dhahabu ikaja Rio 2016, ya pili ikaja kwenye michezo ya Tokyo. Kidato cha juu alikiacha palepale. Alichobadilisha ni kidato cha katikati.

Na cha chini? Kule kambini Kaptagat, chini ya kocha Patrick Sang, wiki inajulikana: Jumanne mbio za uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi mbio za kubadilisha kasi, na siku nyingine mbio za taratibu. Mwenyewe huandika mazoezi yake kwenye daftari, kwa mkono. Hakuna mstari wa "kuwa bingwa" katika ratiba ya Jumanne.

Ili kitendo kifanyike kweli, kifunge kwenye kitu ambacho tayari kinatokea. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ametumia miaka mingi kuchunguza ahadi za namna ya "likitokea hili, nitafanya lile", na zinafanya kazi kuliko nia tupu. "Nitasoma zaidi" ni nia. "Nikishatoka msikitini alfajiri, nakaa mezani kurasa kumi kabla sijashika simu" ni ahadi yenye saa na mahali. Ile "kuamka mapema" yangu ilikosa hiki: niamke nifanye nini?

Kuhusu mazoea kuna uvumi wa siku 21, usiutegemee. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu 96, na muda wa zoea kukolea ulikuwa siku 66 kwa wastani, huku baadhi ikiwachukua siku 18 na wengine ikikadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukiteleza Jumanne, Jumatano endelea, usisubiri mwezi mpya.

Ukurasa wenyewe

Daftari langu la sasa ni la bei ileile. Ukurasa wa ndani ya jalada una mistari mitatu tu ya malengo ya mbali, na siruhusu wa nne. Ukurasa wa robo mwaka una kipimo kimoja kwa kila lengo. Halafu kila wiki ina ukurasa wake. Huu ni wa wiki moja ya Julai, nimeunakili kama ulivyo:

"Nyumba: matofali 60 yaliyobaki, kuyahesabu mwenyewe Jumamosi (mlinzi alisema 52). Kumuuliza jirani wa kona alinunua wapi nondo. Kozi: maswali ya sura ya 4, Jumanne na Alhamisi, saa 11 alfajiri. Watu: 30,000 ya arobaini ya baba yake Salama. Tembea: kushuka vituo viwili kabla, mara tatu. /// "

Vile vimkwaju vitatu mwishoni ni siku tatu nilizotembea. Hesabu ya matofali ilitoka 57.

Jumapili baada ya magharibi nakaa nalo dakika 20, kama muuza duka anavyofunga hesabu. Natazama kipi kimefanyika, kipi hakikufanyika, na kwa hiki cha pili najiuliza swali moja: kilikosa muda, kilikosa pesa, au sikukitaka? Kilichokosa muda au pesa kinahamia wiki ijayo, kikiwa kimepunguzwa. Kitu kikihama wiki tatu mfululizo siruhusu kihame ya nne. Nakikata vipande vidogo zaidi, au nakiandika kwenye ukurasa wa nyuma kabisa, ule niliouita "si sasa".

Ukurasa huo umeniokoa kuliko kurasa nyingine zote. Shahada ya pili iko huko tangu mwaka juzi. Sijaifuta, na sijidanganyi kila Jumatatu kwamba naifanya. Mwisho wa kila robo naufungua, nasoma kilichomo, na kama msimu umebadilika kitu kinaweza kurudi mbele. Kozi fupi ya jioni ilirudi kwa njia hiyo, ikachukua nafasi ya kilimo cha matikiti ambacho, kusema kweli, nilikiandika kwa sababu kila mtu mwaka ule alikuwa akilima matikiti.

Boma lilifika lenta mwezi wa Septemba. Robo hii kipimo ni mbao za kenchi, zile za kubeba paa, na fundi ameniambia wiki mbili zinatosha. Nimeandika sita.